Abdurrahman as-Sufi na Wingu Dogo la Mbinguni

Katika watu waliotajika kwa ilimu ya falaki katika zama za Kiislamu, ni wachache ambao kazi yao imedumu kama ilivyodumu kazi ya Abul-Husein Abdurrahman bin Umar as-Sufi. Wataalamu wa nyota wa mashariki na wa magharibi wanamjua, na shimo moja kubwa katika uso wa mwezi limepewa jina lake kwa matamshi ya Kilatini, Azophi. Lakini hapa kwetu pwani, ambako watu wamesafiri kwa nyota tangu zamani, na ambako hapakuwa na nakhodha asiyeijua Kilimia, wanaomjua mtu huyu ni kidogo sana. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza ndugu zetu maisha yake kwa ufupi, na khasa jambo moja alilolifanya ambalo faida yake haijakatika mpaka leo.

Jambo lenyewe ni hili: palikuwa na wingu dogo mbinguni, akaliandika kama alivyoliona, hakuzidisha wala hakupunguza. Imepita miaka zaidi ya elfu. Leo wataalamu wanapima kiasi cha oksijeni na argoni katika moshi wa nyota zinazokufa ndani ya wingu lile lile. Kutoka katika jicho la mtu mmoja wa Iran mpaka katika vipimo hivi kuna njia ndefu, na tunakusudia kumpitisha msomaji katika njia hiyo hatua kwa hatua.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

Alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na palipo mji wa Tehran leo, tarehe 14 Muharram mwaka 291 Hijria, sawa na tarehe 7 Disemba 903. Katika umri wake ukhalifa wa Bani Abbas ulibaki Baghdad kwa jina, lakini nguvu za kutawala zilihamia mikononi mwa wafalme wa sehemu mbali mbali. Miongoni mwao walikuwa Bani Buwaih, waliotawala Rayy, Isfahan na Shiraz, kisha Baghdad yenyewe. Watawala hao walishindana kwa majeshi, na walishindana pia kwa kukusanya wanavyuoni katika mabaraza yao, na as-Sufi alikuwa mmoja wa waliokusanywa.

Jina lake lisimpoteze msomaji. Hatuhadithii hapa khabari za sheikh wa tarika wala karama zake. Tunahadithia mtu wa kutazama, kupima na kuandika.

Mwaka 335 Hijria, yaani 946 au 947, alifika katika mji wa Dinawar akiwa pamoja na waziri Abul-Fadhl bin al-Amid. Huko ndiko alikokaa zamani Abu Hanifa ad-Dinawari, mwanachuoni aliyetunga kitabu cha nyota na misimu kwa njia ya Waarabu. (Huyu si Imamu Abu Hanifa wa madhehebu, ni mtu mwingine.) Miaka miwili baadaye as-Sufi alikuwa Isfahan. Katika safari hizi na katika mazungumzo yake na watu waliojiita wajuzi wa nyota, alitambua ila moja kubwa, na kuitambua ila hiyo ndiko kulikomfanya atunge kitabu chake.

ILA ALIYOIONA

Aliwaona watu wa ilimu hii wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza walifuata njia ya Wayunani, na kiongozi wao alikuwa Ptolemy wa Iskandaria, ambaye Waarabu humwita Batlimus, aliyeishi katika karne ya 2 baada ya Nabii Isa. Fungu la pili walifuata njia ya Waarabu wa jangwani, waliozijua nyota kwa majina ya wanyama na vyombo vyao, na kwa manazili 28 ya mwezi.

Sasa, wengi katika fungu la kwanza hawakuwa wakizitazama nyota zenyewe. Walikuwa na tufe zilizochorwa nyota, na tufe hizo zilichorwa na mafundi wasiozijua nyota, ambao walihamisha hesabu kutoka vitabuni. Kosa likiingia katika kitabu lilipita katika tufe, na kutoka katika tufe lilipita katika kichwa cha mwanafunzi, na mwanafunzi naye alipokuwa mwalimu alilifundisha kama ni yakini. Na wengi katika fungu la pili waliokota majina kutoka katika mashairi na khabari za watu, wakayaandika bila ya kujua jina lipi ni la nyota ipi. As-Sufi aliwakosoa watu wakubwa wenye majina, kwa adabu lakini bila ya kuficha, kwa sababu waliandika juu ya kitu kilicho juu ya vichwa vyao kila usiku na hawakuinua macho kukitazama.

Basi hapa ndipo ilipo heshima ya mtu huyu. Hakuvitupa vitabu vya waliotangulia, kwani asiye na waliomtangulia hana pa kuanzia. Wala hakuvifuata kipofu. Alivichukua mkononi, akatoka nje usiku, akavilinganisha na mbingu.

SHIRAZ NA MFALME MWANAFUNZI

Kazi yake kubwa aliifanya chini ya Adhud ad-Daula, mfalme wa Bani Buwaih aliyetawala kutoka Shiraz, mji ambao jina lake si geni kwa watu wa pwani yetu, kwa mapokezi ya wazee wanaojinasibisha nao. Adhud ad-Daula alikuwa mpenda ilimu. Shiraz alijenga maktaba iliyosifiwa na wasafiri, na Baghdad alijenga hospitali iliyobeba jina lake. Imepokewa kwamba alikuwa akijifakhiri kwa walimu wake watatu: Abu Ali al-Farisi katika nahau, Ibn al-Aalam katika majedwali ya hesabu za nyota, na as-Sufi katika kuzijua nyota zisizohama. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mfalme aliyeteka nchi nyingi aliona fakhari kusema kuwa yeye ni mwanafunzi wa fulani.

Huko Shiraz, katika miaka ya 969 na 970, as-Sufi alipima kwa pete kubwa ya shaba jinsi jua linavyofika kikomo cha kaskazini na kikomo cha kusini katika mwaka, mbele ya wajuzi wengine walioshuhudia kipimo hicho. Aliandika pia juu ya asturlabi, chombo ambacho kwacho hujulikana nyakati na mielekeo, na faida yake katika sala na kibla haihitaji kuelezwa.

Lazima tuseme kweli yote. Katika zama zile ilimu ya kupima nyota na ile ya kubashiri kwa nyota zilifundishwa pamoja, na wafalme wengi walizipenda zote mbili bila ya kuzipambanua. As-Sufi naye hakuepukana kabisa na mambo ya zama zake. Lakini tazama kilichobaki. Bashiri zote za mabaraza yale zimekufa pamoja na waliobashiriwa, na hakuna mtu leo anayezihitaji. Vipimo ndivyo vilivyobaki. Haya tunawaambia wale wa mitaani kwetu wanaompa mtu fedha awatazamie nyota zao, wakadhani hiyo ndiyo ilimu ya nyota.

KITABU CHAKE

Karibu na mwaka 964 alikamilisha Kitabu cha Sura za Nyota Zisizohama. Ndani yake alieleza makundi 48 ya nyota, moja baada ya moja. Kila kundi alilichorea picha mbili: moja kama linavyoonekana na mtu aliyesimama ardhini, na ya pili kama lilivyo juu ya tufe, ambapo upande wa kulia huwa kushoto, kama maandishi yaonekanavyo katika kioo. Faida ya picha hizo mbili ni dhahiri, kwani mtu aliyejifunza kwa tufe akitoka nje huona kila kitu kimegeuka, na kosa hilo as-Sufi alilikata kutoka katika mzizi wake.

Kisha aliweka jedwali la nyota zaidi ya 1,000 kwa kufuata jedwali la Ptolemy. Hakudai kwamba amepima upya mahali pa kila nyota. Alichukua mahali palipoandikwa na Ptolemy, akaongeza daraja 12 na dakika 42, kwa sababu mbingu yote ya nyota huonekana ikisogea polepole kwa kupita karne. Ptolemy alihesabu kwamba husogea daraja moja kila miaka 100. As-Sufi alifuata hesabu ya wataalamu wa zama za khalifa al-Maamun, ambayo ni daraja moja kila miaka 66. Hesabu ya leo ni karibu miaka 72. Basi ya as-Sufi haikuwa kamili, lakini ilikuwa karibu zaidi na haki.

Ama mwangaza wa nyota, huo aliutazama mwenyewe. Aliipa kila nyota daraja yake kama jicho lake lilivyoona, hata pale alipokhitilafiana na Ptolemy, na akaeleza ni ipi iliyo kubwa kidogo au ndogo kidogo kuliko daraja iliyowekwa. Alitaja rangi ya baadhi yake. Alitaja pia nyota ambazo Ptolemy hakuziandika, akaeleza mahali pake katika maneno ya kitabu bila ya kuliharibu jedwali la asili. Kwa hivyo msomaji wake hujua daima hili limetoka kwa Ptolemy, hili limetoka kwa Waarabu, na hili limetoka kwa as-Sufi mwenyewe. Wanaosoma ilimu ya hadithi watatambua mara moja tabia hii. Ni tabia ya mpokezi mwaminifu anayepambanua alichosikia na alichokiona.

WINGU DOGO

Katika kundi ambalo Wayunani waliliita Andromeda, na Waarabu wakaliita Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, Waarabu wa zamani waliona pia sura ya samaki mkubwa. Mbele ya mdomo wa samaki huyo as-Sufi alitaja doa la wingu, na katika picha likatiwa kwa vidoto vidogo. Ptolemy hakuliandika. Na as-Sufi, kwa uaminifu wake, hakujidai kwamba yeye ndiye aliyeligundua; alilitaja kama kitu kilichojulikana katika mapokezi ya Waarabu. Hata hivyo, katika maandishi yaliyotufikia, yake ndiyo ya kwanza yaliyo wazi juu ya wingu hili.

Hakusema ni kitu gani. Hakutunga kisa chake. Hakusema ni nyota iliyopotea wala dalili ya vita wala ya baraka. Alisema lipo, na akasema lilipo. Akanyamaza.

KUFA KWAKE NA SAFARI YA KITABU

Alifariki Shiraz tarehe 13 Muharram mwaka 376 Hijria, sawa na tarehe 25 Mei 986, akiwa amekaribia kabisa kutimiza miaka 85 kwa hesabu ya mwezi. Mwanawe alitunga urjuza, yaani shairi la kufundishia, juu ya makundi ya nyota, na hivyo ilimu haikukatika katika nyumba yake.

Kitabu chake kilinakiliwa katika nchi nyingi. Katika karne ya 13 Nasiruddin at-Tusi alikifasiri kwa Kifarsi. Ulugh Beg, mfalme wa Samarkand aliyekuwa yeye mwenyewe mtazamaji wa nyota, alikitumia alipokamilisha jedwali lake mwaka 1437. Wazungu wa Spania walikichukua, na majina mengi ya nyota ya Kiarabu yakaingia katika lugha zao kwa njia hiyo na nyinginezo. Mwaka 1874 kilitolewa kwa Kifaransa na Schjellerup, na mwaka 1954 matini yake ya Kiarabu ilichapishwa Hyderabad, Bara Hindi.

NINI LILIKUWA WINGU LILE?

Mwaka 1612 Simon Marius, Mjerumani, alilitazama wingu la Andromeda kwa darubini, chombo ambacho as-Sufi hakuwa nacho. Aliona mwanga hafifu, na hakuweza kujua zaidi. Baada ya darubini kuongezeka nguvu, yalipatikana mawingu mengine mengi ya namna mbali mbali. Baadhi yake yalikuwa madogo ya mviringo, na mbele ya macho yalifanana na sayari. Kwa hivyo William Herschel, katika karne ya 18, akayaita nebula za sayari. Jina hilo limebaki, ingawa ni jina la makosa, kwani hayana uhusiano wowote na sayari. Msomaji alikumbuke jina hili, kwa sababu ndilo litakaloturudisha kwenye wingu la as-Sufi.

Usiku wa tarehe 29 Agosti 1864, William Huggins, mtu wa London aliyeiacha biashara ya nguo ya nyumbani kwao kwa ajili ya ilimu, alielekeza darubini yake katika kundi la Joka, ambalo as-Sufi naye alilichora, akatazama nebula moja ya sayari kwa kioo kinachotawanya nuru katika rangi zake. Nuru ya nyota ikitawanywa hutoa utepe mrefu wa rangi zote. Huggins hakuona utepe. Aliona mistari michache tu, na uliong'aa zaidi ulikuwa wa kijani. Akajua papo hapo kwamba kitu kile si kundi la nyota bali ni gesi inayong'aa. Lakini alipolitazama wingu la Andromeda kwa njia ile ile, aliona utepe, kama wa nyota. Basi vitu viwili vilivyoitwa kwa jina moja la wingu vikadhihirika kuwa vina asili mbili mbali mbali.

Mstari ule wa kijani uliwatatiza watu. Haukulingana na kitu chochote kilichojulikana ardhini, wakadhani ni elementi mpya, wakaipa jina. Mwaka 1927 Ira Bowen wa Marekani alibainisha kwamba hapakuwa na elementi mpya. Ni oksijeni, hii hii tunayoivuta kwa pumzi, lakini iliyopoteza elektroni mbili, na ikiwa katika gesi nyepesi mno ambayo mfano wake ni mgumu kupatikana ardhini. Waliolipa jina lile jipya hawakuwa wajinga. Walikosea, na mwenzao alipoleta dalili walirejea.

Ama wingu la Andromeda lenyewe, mwaka 1923 Edwin Hubble, katika mlima wa Wilson huko California, aliona ndani yake nyota inayozidi na kupungua mwangaza kwa muda maalumu, na kwa nyota za namna hiyo umbali hupimika. Ikadhihirika kwamba liko mbali mno, nje kabisa ya mkusanyiko wa nyota zetu. Kwa hesabu ya leo umbali wake ni kama miaka ya nuru milioni 2.5. Ni galaksi nzima, iliyojizungusha kama shungi la kamba, jirani ya galaksi yetu na kubwa kuliko zote zilizo karibu nasi. Nuru iliyoingia katika jicho la as-Sufi ilikuwa imetoka huko kabla ya kuwapo Shiraz wala Rayy.

CHUNGU NA UDONGO WAKE

Sasa tunafikia jambo tuliloliahidi mwanzo. Nyota ya kadiri ya jua letu, au inayolizidi mpaka karibu mara nane, ikifika mwisho wa umri wake huvua matabaka yake ya nje na kuyatawanya angani. Kiini kinachobaki huwa cha moto mkali sana, na nuru yake kali huifanya gesi ile ing'ae. Hiyo ndiyo nebula ya sayari. Hudumu makumi ya maelfu ya miaka tu, ambayo katika umri wa nyota ni kama mtu kupumua mara moja, kisha hutawanyika.

Mwaka 1955 Walter Baade alitoa khabari za nebula tano za namna hii ndani ya galaksi ya Andromeda. Leo zinazodhaniwa kuwa ni hizo, katika galaksi hiyo moja, ni zaidi ya 4,000. Kwa umbali ule haziwezi kuonekana mviringo wake. Kila moja ni nukta tu. Lakini nukta hiyo hutoa mstari wa kijani, na kwa mstari huo hutambulikana katikati ya mamilioni ya nyota.

Kwa nini watu wajisumbue nazo? Tutoe mfano. Mtu akiokota kigae cha chungu ufukweni, mjuzi wa vyungu hutazama mambo mawili. Hutazama udongo, akajua chungu kilifinyangwa wapi. Na hutazama masizi, akajua kimepikiwa nini na kwa muda gani. Nebula ya sayari ni hivyo hivyo. Argoni iliyomo haikutengenezwa na nyota ile; ilikuwamo katika gesi iliyozaa nyota, na oksijeni kwa sehemu kubwa ni vivyo hivyo. Huo ndio udongo. Ama naitrojeni na kaboni, nyota yenyewe huzibadilisha kiasi chake katika tumbo lake kabla ya kufa. Hayo ndiyo masizi.

Kuupima udongo huo si kazi nyepesi. Mwangaza wa mstari peke yake hautoshi, kwa sababu gesi yenye joto zaidi hung'aa zaidi hata kama oksijeni yake ni kidogo. Kwanza lazima lijulikane joto, nalo hujulikana kwa kuulinganisha mstari wa kijani na mstari mwingine wa oksijeni ulio dhaifu sana. Joto lenyewe kwa kawaida ni kama daraja 10,000. Mstari ule dhaifu, kwa umbali wa Andromeda, hauonekani ila kwa darubini kubwa na kwa subira ya saa nyingi. Anayeurukia bila ya kuupima atatoa hesabu, lakini hesabu yake itakuwa ni ya kubahatisha.

Waliopima wamekuta kwamba katika nebula nyingi za galaksi ile, kwa kila atomi 10,000 za haidrojeni kuna atomi za oksijeni tatu au nne hivi, kiasi kisichokuwa mbali na cha jua letu, ambacho ni karibu tano. Na mwaka 2022 wataalamu waliopima nebula kama 200 walieleza kwamba nebula zilizotokana na nyota changa zina oksijeni na argoni zaidi kuliko zilizotokana na nyota kongwe. Tena wakaona kwamba katika zile changa kiasi hupungua kadiri ya kuondoka katikati ya galaksi kwenda nje, na katika zile kongwe hakipungui namna hiyo. Kutokana na hayo na dalili nyingine wanaona kwamba galaksi ile, miaka bilioni kadhaa iliyopita, ilipambana na galaksi nyingine na zikachanganyika, na nyota changa zikazaliwa kutokana na gesi ya baada ya mchanganyiko huo. Basi vigae vya vyungu vimehadithia historia ya mji mzima.

SOMO LETU

Tumeirefusha khabari hii kwa makusudi. As-Sufi hakujua oksijeni wala argoni, wala hakujua kwamba wingu lile ni galaksi. Ni makosa kusema kwamba alijua, na wako ndugu zetu ambao kwa mapenzi yao wanapenda kuwapa wazee wetu ilimu ambayo wenyewe hawakuidai. Sifa ya as-Sufi haihitaji nyongeza. Sifa yake ni kwamba alitoa ushahidi sawa. Na ushahidi ulio sawa, hata ukiwa mdogo kama doa mbele ya mdomo wa samaki, waliokuja baadaye huweza kuujengea; uliozidishwa hubomoka na kila kilichojengwa juu yake.

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba tuliwachukua vijana wa darasa letu mpaka ufukweni, mbali na taa za mji, kuwaonyesha wingu hilo. Hapa kwetu huonekana upande wa kaskazini, nusu ya njia baina ya upeo na utosi wa mbingu, mwezi usipokuwapo. Tulipouliza ni nani aliyeliona, mmoja aliinua mkono upesi, akaonyesha mahali sipo. Mwingine, mdogo wao, alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye bado hajaliona. Tulimsifu huyu wa pili mbele ya wenzake, na wengine wakashangaa. Baadaye kidogo akaliona, akalionyesha penyewe, na hapana aliyemtilia shaka.

Ndugu zetu wanajua kwa nini tunayataja haya. Kila mwaka Shaabani inapokwisha, na kila Ramadhani inapokwisha, miji yetu hugawanyika kwa khabari ya mwezi. Huyu amesikia kutoka kwa fulani, na fulani amesikia kutoka kwa mwingine, na khabari ikifika msikitini husemwa kuwa mwezi umeonekana. Nyumba moja hufunga na nyumba ya pili hula. Laiti kila mmoja wetu angesema nimeona pale tu alipoona, na nimesikia pale aliposikia, na sijui pale asipojua, sehemu kubwa ya ugomvi huu ingalikwisha kabla ya kuanza. Hilo halihitaji darubini wala pete ya shaba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdurrahman as-Sufi, na atujaalie na sisi tuwe watu wa kuinua macho, na wa kusema tulichokiona.